Tumuulize Yakobo, Nduguye Yesu

Nikikutana na mtu anayeniambia kwamba Yesu hakuwahi kuishi, kwamba ni hadithi iliyotungwa Roma ili maskini watulie, sianzi na miujiza wala ufufuo. Naanza na mdogo wake. Mungu unaweza kumtunga. Shujaa pia, na nabii, na mfalme aliyelala pangoni akingoja siku yake. Lakini mdogo wa mtu, mwenye jina lake, anayekaa mji unaojulikana, anayekwaruzana na watu wanaojulikana, halafu anauawa mwaka unaojulikana kwa amri ya kuhani anayejulikana, huyo ni mtihani mwingine.

Kwetu huku hoja hii ni ngeni. Tuliokua tukisimama kwenye mihadhara ya Dar es Salaam na Mombasa tunakumbuka ilivyokuwa: meza mbili, spika zinazokoroma, kijana ambaye kazi yake ni kusoma tu, "soma Yohana kumi, aya ya thelathini", na mhadhiri anamkata katikati ya mstari, "rudia hapo!" Umati unaguna. Waliokuwa wakibishana pale walikubaliana jambo moja bila hata kulitaja: Yesu mwenyewe aliishi. Ugomvi ulikuwa ni Mungu au ni nabii, alisulubiwa au walifananishiwa. Mwislamu gani angekana kuwepo kwa Isa bin Mariamu, ambaye Kurani inamtaja pamoja na mama yake? Kwa hiyo hakuna upande uliojiandaa kwa swali ambalo sasa linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, likisindikizwa na picha ya Horus, mungu wa kale wa Misri, na maneno mekundu.

Ulaya hoja hiyo ina ndevu. Volney na Dupuis waliiandika Ufaransa wakati wa Mapinduzi, Bruno Bauer akaiendeleza Ujerumani karne ya 19, Arthur Drews akaitia nguvu mpya mwaka 1909, na siku hizi anayeitetea kwa bidii kuliko wote ni Mmarekani Richard Carrier. Kinachonichekesha ni kwamba mtu yuleyule anayesambaza video ya "Yesu hakuwepo" Jumatatu, Alhamisi anasambaza nyingine ya "Yesu alimwoa Magdalena wakazaa". Bwana, chagua moja. Asiyekuwepo haoi.

Twende kwenye familia. Injili ya Marko, ambayo wataalamu wengi wanaiona ndiyo ya kwanza kuandikwa, inawataja ndugu zake wanne kwa majina: Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, na maumbu zake wapo pia ingawa hawatajwi majina. Wanaosema hayo ni watu wa Nazareti, na hawasemi kwa kumsifu. Ni ile sauti ya kijijini, "huyu si mtoto wa fulani, tunawajua kwao". Sura tatu kabla ya hapo kuna jambo zito zaidi: jamaa zake wanatoka kwenda kumkamata, wakisema amerukwa na akili. Mathayo na Luka, ambao walikuwa na kitabu cha Marko mbele yao na wakanakili sehemu kubwa, mstari huo wote wawili waliuruka. Yohana naye anakiri kwamba hata nduguze hawakumwamini. Mtu anayetunga mwokozi wake toka mwanzo hamwanzishii na mama na wadogo wanaotaka kumfungia ndani.

Hilo peke yake halitoshi, najua. Mwandishi mjanja anaweza kutunga hata aibu. Ndiyo maana namtegemea Paulo kuliko Marko, na namtegemea kwa sababu Paulo na Yakobo hawakuwa wakiivana.

Barua kwa Wagalatia iliandikwa miaka ya 50 hivi, miaka ishirini na kitu baada ya msalaba. Ndani yake Paulo amekasirika. Watu wanasema yeye ni mtume wa daraja la pili, injili yake kafundishwa na wakubwa wa Yerusalemu. Anajitetea kama mtu aliye kizimbani: sikupewa na mwanadamu, sikupanda Yerusalemu, nilikwenda Arabuni, baada ya miaka mitatu ndipo nikapanda kumwona Kefa (yaani Petro) nikakaa kwake siku kumi na tano, na "sikumwona mtume mwingine ila Yakobo, ndugu yake Bwana". Kisha anaapa mbele za Mungu kwamba hasemi uongo. Angalia anavyohesabu siku. Anajua wapinzani wake wanaweza kwenda kuuliza.

Sura inayofuata anakutana tena na Yakobo, akiwa mmoja wa watatu wanaoitwa nguzo, na Paulo anatuambia wazi kwamba vyeo vyao havimbabaishi. Halafu Antiokia: Kefa alikuwa akila meza moja na watu wa mataifa, wasio Wayahudi, bila shida, mpaka "walipokuja watu waliotoka kwa Yakobo". Hapo Kefa akajitenga, na Paulo akampinga uso kwa uso. Huyu Yakobo, basi, ana watu wake, ana msimamo wake juu ya sheria ya Musa, na kutajwa kwake tu kunamfanya Petro asogeze kiti. Kama undugu wake na Yesu ungekuwa ni jina la heshima tu, Paulo ndiye angekuwa wa kwanza kulipasua. Lilikuwa linamuumiza. Yeye aliona maono. Mwenzake alilala chumba kimoja na Bwana mwenyewe.

Pwani tunaye wa kumlinganisha naye. Fumo Liyongo: nyimbo zake zinaimbwa, kaburi lake linaonyeshwa Ozi karibu na Kipini, na utendi wake maarufu aliuandika Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Wataalamu wanapishana kwa karne nyingi juu ya lini hasa aliishi. Hata hivyo ukisema unaamini Liyongo alikuwepo, hakuna atakayekuona mjinga. Sasa fikiria tungekuwa na barua ya mtu wa zama zake, tena mtu asiyewapenda sana watu wa Liyongo, akilalamika kwamba alikaa na yule mwanawe aliyemchoma sindano ya kitovu, na hawakuelewana. Mjadala ungefungwa siku hiyo. Kwa Yesu barua ya namna hiyo tunayo.

Carrier analo jibu, na ni haki kulisema. Anadai "ndugu wa Bwana" maana yake ni Mkristo yeyote aliyebatizwa, kwa kuwa waumini wote waliitana ndugu. Ni kweli waliitana ndugu. Lakini Paulo anapowaandikia Wakorintho kwamba naye ana haki ya kusafiri na mke, anataja mitume wengine, na ndugu wa Bwana, na Kefa. Anataja makundi yenye hadhi, watu ambao Wakorintho wakisikia wanaikubali hoja. "Hata waumini wa kawaida wanasafiri na wake zao" isingekuwa hoja ya kumtetea mtume. Na katika Wagalatia, kumwita Yakobo "Mkristo" kungemtofautisha na nani? Kefa hakuwa Mkristo?

Shahidi wa nje ni Josephus, mwanahistoria wa karne ya 1. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kumtumia vibaya. Kwenye mijadala Wakristo hukimbilia kitabu chake cha 18 cha Mambo ya Kale ya Wayahudi, mahali panaposema Yesu "alikuwa Kristo" na alifufuka siku ya tatu. Josephus alikuwa Myahudi, si Mkristo. Origen, mwanazuoni wa Kikristo aliyemsoma karne ya 3, anatuambia kwamba Josephus hakumkubali Yesu kuwa Kristo. Maneno yale yametiwa mkono na Mkristo fulani baadaye. Wengi wa wataalamu wanaona chini yake kulikuwa na taarifa fupi ya kweli, lakini ukisimama uwanjani na kipande hicho, mpinzani wako atakuvua nguo.

Kipande chenye nguvu kiko kitabu cha 20, na hakihubiri chochote. Mwaka 62 liwali Festo, yuleyule aliyemsikiliza Paulo katika Matendo ya Mitume, alifia kazini. Kaisari Nero akamtuma Albinus ashike nafasi yake, lakini Albinus alikuwa bado njiani. Katika pengo hilo kuhani mkuu mpya, Ananus, akaona ndiyo nafasi. Akaitisha baraza, akamleta "ndugu yake Yesu aitwaye Kristo, jina lake Yakobo", pamoja na wengine, akawashitaki kwa kuvunja sheria na kuwatoa wapigwe mawe. Wakazi wa mji waliokuwa makini na sheria walichukia. Wakapeleka malalamiko kwa mfalme Agripa, wengine wakamfuata Albinus akiwa safarini kutoka Aleksandria. Agripa akamvua Ananus ukuhani baada ya miezi mitatu tu.

Josephus hazungumzii Ukristo. Anaeleza kwa nini kuhani mkuu alifukuzwa kazi. Yakobo kwake ni kielelezo cha kesi, na kwa kuwa akina Yakobo walikuwa wengi, anamtambulisha kwa ndugu yake anayejulikana zaidi. Josephus mwenyewe alizaliwa mwaka 37 katika ukoo wa makuhani, na mwaka huo wa 62 alikuwa kijana wa miaka 25 hivi Yerusalemu. Hakusimuliwa na babu. Na kuna undani ambao sichoki kuurudia: huyu Ananus ni mtoto wa yule Anasi wa Injili, na Yohana anasema Kayafa alikuwa mkwe wa Anasi. Yaani aliyemuua Yakobo ni shemeji ya Kayafa. Ukoo mmoja, ndugu wawili, miaka kama thelathini kati yake.

Wanaokana husema Yesu anayetajwa pale ni Yesu mwana wa Damneus, aliyepewa ukuhani mkuu baada ya Ananus, na kwamba "aitwaye Kristo" ni maandishi ya pembeni yaliyoingizwa na mnakili. Ni jibu la akili, sitalicheka. Ila linataka Josephus amtambulishe mtu asiyejulikana kwa kumtaja nduguye ambaye naye hajatambulishwa bado, halafu aje kumtaja baba yao mistari kadhaa baadaye. Hakuna anayesimulia hivyo. Tena, Wakristo wenyewe walikuwa na simulizi tofauti kabisa ya kifo cha Yakobo: Hegesippus, mwandishi Mkristo wa karne ya 2, anasema alitupwa kutoka juu ya hekalu, akapigwa mawe, na dobi akammalizia kwa rungu lake la kufulia. Mkristo wa kughushi angeandika hiyo. Na asingetosheka na "aitwaye".

Najua Wakatoliki wameshakunja nyuso tangu niliposema "mdogo wake". Ugomvi wa ndugu za Yesu ni mkongwe. Helvidius alisema ni watoto wa Yusufu na Mariamu waliozaliwa baadaye. Jerome akamjibu kwa ukali mwaka 383 hivi kwamba ni binamu. Waothodoksi wanafuata simulizi ya karne ya 2 inayosema Yusufu alikuwa mjane mwenye watoto wakubwa. Mimi naona Helvidius ana usomaji mwepesi zaidi wa maandiko, na sitavunja urafiki na mtu kwa hilo. Kwa swali la kama Yesu aliishi halibadilishi kitu. Binamu wa mtu asiyekuwepo naye hayupo.

Na mke? Hapa ushahidi unakuwa mwembamba mpaka unaona upande wa pili. Hoja maarufu hutoka Injili ya Filipo, moja ya maandiko ya Kikopti yaliyofukuliwa Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945. Inamwita Mariamu Magdalena mwenzi wake, na inasema alikuwa akimbusu mara nyingi kwenye... basi, hapo mafunjo yametoboka. Tundu. Neno halipo. Watu wamejaza "mdomo" kwa kuwa ndilo wanalolitaka, na ndoa nzima ikajengwa juu ya tundu. Mwandishi wake aliishi vizazi kadhaa baada ya Paulo, katika kundi ambalo busu kwao lilikuwa njia ya kupeana neema.

Halafu Septemba 2012, Profesa Karen King wa Harvard alitangaza mjini Roma kipande cha mafunjo kidogo kuliko kadi ya benki, chenye maneno ya Kikopti: "Yesu akawaambia, mke wangu". Sentensi imekatika hapohapo, kwa bahati nzuri mno. Dunia ikalipuka. Mafunjo yenyewe yalipopimwa yalionekana ya kale kweli, ya zama za kati, na wengi wakadhani basi yamekwisha. Lakini karatasi ya kale si maandishi ya kale. Wachunguzi waliona maneno mengi yameokotwa kutoka Injili ya Thomaso, pamoja na kosa lilelile la uchapaji lililomo kwenye nakala moja iliyowekwa mtandaoni. Mwaka 2014 Christian Askeland akagundua kwamba kipande kingine kutoka kwa mwenye mali huyohuyo, cha Injili ya Yohana, kwa mwandiko uleule, kimenakiliwa kutoka toleo lililochapwa mwaka 1924, mistari ikianzia na kukatikia palepale. Mwaka 2016 mwandishi wa habari Ariel Sabar akamfuatilia mwenye kipande hadi Florida, mtu aliyewahi kusomea mambo ya Misri ya kale Berlin. King mwenyewe akakiri kwamba mizani imeelemea kughushiwa.

Ushahidi ninaoupa uzito ni mdogo zaidi. Luka anapowataja wanawake waliofuatana na Yesu, Yoana anamtambulisha kama mke wa Kuza, wakili wa Herode. Mariamu anamtambulisha kwa mji wake, Magdala. Angekuwa mke wa Yesu, angeitwa kwa kijiji? Tena ule mstari wa Wakorintho niliotaja: Paulo anatafuta mifano ya watu wakubwa waliooa, anapita kwa mitume, kwa ndugu wa Bwana, kwa Kefa, na anaishia hapo. Angekuwa na mfano wa Bwana mwenyewe mfukoni, hoja ingekwisha kwa neno moja.

Kisu hicho kina makali mawili, lakini. Sura mbili kabla, Paulo anasifu kukaa bila kuoa, na mfano anaoutoa ni yeye mwenyewe, wala hamtaji Yesu. Kwa hiyo nasema nadhani hakuoa, na nadhani ni neno ninalolimaanisha. Yeremia aliambiwa asioe. Waeseni, madhehebu ya Kiyahudi ya zama hizo, wengi hawakuoa, kwa mujibu wa Josephus huyohuyo. Mwanamume wa Kiyahudi asiye na mke alikuwa jambo la nadra, halikuwa muujiza.

Habari za mifupa nitazipita haraka. Kaburi la Talpiot, Yerusalemu, lililofunguliwa mwaka 1980 na kufanyiwa filamu mwaka 2007, lina Yesu mwana wa Yusufu na Mariamu ndani yake. Kudai ndiyo familia yenyewe kwa majina hayo ni kama kukuta kaburi la Juma na Asha Tanga ukadhani umewajua. Sanduku la mifupa lililoandikwa "Yakobo mwana wa Yusufu, ndugu wa Yesu" lilitangazwa mwaka 2002, likafikishwa mahakamani Israeli, na mwaka 2012 mwenye sanduku akaachiwa shitaka la kughushi, lakini hakimu hakusema kwamba maandishi ni ya kweli. Halikuchimbuliwa na mtaalamu, lilitoka sokoni. Na kaburi la Srinagar huko Kashmir, ambalo Waahmadiyya wanasema Isa alizikwa humo baada ya kuishi miaka mingi, ni imani ya jumuiya ileile iliyotupa tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1953. Nawaheshimu kwa tafsiri. Kwa kaburi, simulizi hiyo imekuja kuchelewa mno.

Kinachonivuta zaidi kuhusu familia hii ni wajukuu wa Yuda, yule mdogo mwingine. Hegesippus, ambaye maneno yake yamehifadhiwa na Eusebius, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya 4, anasema Kaisari Domitian aliwatilia shaka kwa kuwa ni uzao wa Daudi. Wakaulizwa mali yao. Wakasema wana dinari 9,000 wote wawili, tena si fedha taslimu bali thamani ya shamba la plethra 39 (kipimo cha ardhi cha Kigiriki) wanalolilima wenyewe na kulilipia kodi. Wakaonyesha viganja, sugu za jembe. Kuhusu ufalme wa Kristo wakajibu kwamba si wa dunia hii. Domitian akawadharau akawaachia. Kwamba walifika mbele ya Kaisari mwenyewe nina mashaka nako. Lakini shamba lenye vipimo, deni la kodi na mikono yenye sugu havina harufu ya malaika. Mtungaji wa hekaya angewapa uzao wa Daudi ng'ombe wengi zaidi.

Yakobo mwenyewe alibadilika vipi kutoka kwa wale waliotaka kumkamata kaka yao hadi kupigwa mawe kwa ajili yake, Injili hazisimulii. Paulo ana sentensi moja tu: "baadaye akamtokea Yakobo". Muumini anaishika hiyo hapohapo. Mwanahistoria anaweza kusema kwamba Yakobo aliamini amemwona, na zaidi ya hapo hana chombo cha kupimia. Anayesema Yesu hakuwepo hana hata pa kuanzia.

Wengine huniuliza, kama familia ilikuwa na nguvu hivyo, mbona tunaokota makombo? Jibu liko kwenye vita. Baada ya Yakobo, kanisa la Yerusalemu liliongozwa na Simeoni mwana wa Klopa, naye ni wa ukoo huohuo. Roma iliubomoa mji mwaka 70. Baada ya uasi wa mwaka 132 hadi 135, Kaisari Hadrian akawapiga marufuku Wayahudi kukanyaga Yerusalemu, Wayahudi waliomwamini Yesu wakiwemo, na Eusebius anaandika kwamba kuanzia hapo askofu wa mji alikuwa mtu wa mataifa, jina lake Marko. Walioandika historia ya kanisa baada ya hapo walikuwa warithi wa Paulo. Wa upande wa Yakobo hawakubaki na mji wa kuandikia.